Mti Uitwao Mlinzi

Warundi wa bonde la Ruzizi wana mti wanaouita umurinzi. Msemaji wa Kiswahili halielewi jina hili kwa shida: ni mlinzi. Wanyarwanda huuita umuko, na wataalamu wa mimea wameuandika Erythrina abyssinica. Si mti wa kujivunia urefu. Gamba lake ni nene, limepasukapasuka, na matawi yana miiba. Lakini kiangazi, majani yakishapukutika, mti mzima huwaka maua mekundu kama makaa yaliyopulizwa. Mbegu zake nazo ni nyekundu, kila moja ina doa jeusi.

Wazee husimulia kwamba Kiranga, ambaye ng'ambo ya mito na vilima huitwa Ryangombe au Lyangombe, alikwenda kuwinda siku aliyokatazwa na mama yake. Mnyama wa porini akampiga pembe, naye akaegemea mti huu na kufa. Tangu hapo ukawa mti wa ibada. Waliojiunga na dini ya kubandwa walikusanyika chini yake, wakaweka pale pombe na maombi yao, na haukuwa mti wa mtu kuendea na shoka kutafuta kuni.

Historia ya Luberizi, upande wa Kongo wa Ruzizi, ya bonde lake na ya milima inayolitazama, ni historia ya jina la mti huu. Kila zama zilimweka mlinzi wake juu ya ardhi. Swali ni alilinda kwa niaba ya nani.

Bonde linalonyweshwa na mlima

Luberizi iko kando ya barabara ya Bukavu kwenda Uvira, kati ya Luvungi na Sange. Ukisimama barabarani ukatazama mashariki, tambarare inateremka hadi Mto Ruzizi, na ng'ambo yake ni Burundi. Ukigeuka magharibi, milima ya Wafuliiru inapanda kuelekea Lemera, na nyuma yake safu ya Itombwe, ambayo kilele chake, Mohi, kinafika mita 3,475. Ruzizi wenyewe unatoka Ziwa Kivu, mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kuingia Ziwa Tanganyika kwenye mita 770 na kidogo.

Mvua ya bonde ni haba kuliko ya mlimani. Mpunga, muhogo na mahindi ya bonde hunywa maji ambayo mengi yalinyesha kwingine, yakashikwa na mizizi na majani yaliyooza, kisha yakaachiliwa kidogo kidogo. Kwa hiyo mtu wa bonde ni mdeni wa mlima hata kama hajawahi kuupanda. Msitu ukikatwa juu, deni hulipwa chini mara mbili: kiangazi kwa mfereji uliokauka, masika kwa tope lililoingia nyumbani.

Watu wa kale waliliweka jambo hili katika lugha ya ibada na ya utawala kwa pamoja. Mwami, mtawala wa jadi, hakuwa mwenye ardhi kama tajiri alivyo mwenye duka. Alikuwa msimamizi wake mbele ya walio hai na mbele ya mizimu. Mkulima aliyepewa shamba alimpelekea sehemu ya mavuno. Mfugaji aliyehamisha ng'ombe kati ya mlima na bonde, akifuata majani, alitoa itulo, yaani mnyama kama shukrani ya malisho. Kupokea itulo kulimfunga mwami kusema pia wapi ng'ombe wasipite na lini. Haikuwa pepo. Palikuwa na dhuluma, na palikuwa na wami waliokula itulo bila kutimiza wajibu. Lakini mlinzi alijulikana kwa jina, na aliishi mahali ambapo mfereji ukikauka naye angekosa maji.

Wageni walipoanza kuandika habari za sehemu hizi, jicho lao lilikuwa kwenye maji. Richard Burton na John Speke walifika Uvira mwaka 1858 na kukuta kituo cha mbali kabisa kaskazini mwa ziwa ambako wafanyabiashara kutoka pwani walinunua pembe na watumwa. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikuja kwa mtumbwi kutoka Ujiji wakitaka kujua kama Ruzizi unatoka ziwani au unaingia. Wakaona unaingia. Wenyeji wa kingo zake walikuwa wamelijua hilo tangu zamani. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani ndiyo iliyoleta Kiswahili, Uislamu na miembe. Ilileta pia minyororo. Mtu anayeswali Uvira leo amerithi mafundisho ya Mtume kwamba hata Kiyama kikikaribia na mkononi mna mche, upandwe. Amerithi vilevile pwani ya ziwa ambako binadamu waliwahi kuuzwa kama mazao.

Mlinzi anavaa kofia

Ubelgiji ulipoimarisha utawala wake, walinzi wapya walikuja kwa njia mbili. Wa kwanza alikuja na msalaba. Kwa mmisionari, kubandwa ilikuwa ibada ya mashetani, na aliyetaka ubatizo alitakiwa kuiacha kabisa. Umurinzi ukabaki umesimama, lakini heshima yake ikapungua kutoka kizazi hadi kizazi. Mkristo wa kwanza aliyeukata bila kudhurika alikuwa amehubiri kuliko padri. Hapo dini mpya ilivunja mwiko bila kuweka amri nyingine mahali pake. Kitabu cha Mwanzo, ambacho kilisomwa Jumapili kwa Jumapili, kinasema binadamu aliwekwa bustanini ailime na aitunze. Kuhusu kulima, mahubiri hayakukosekana. Neno la pili lilisubiri muda mrefu.

Mlinzi wa pili alikuja na daftari. Sheria ya 1917 iliwaruhusu maofisa kuwalazimisha wanavijiji kulima mazao yaliyochaguliwa na serikali, na katika bonde la Ruzizi zao hilo lilikuwa pamba. Bwana shamba wa serikali, aliyeitwa agronomi, alipima viwanja, akahesabu mistari, akaandika majina ya waliochelewa. Milimani, katika miaka ya 1940 na 1950, kikosi kilichoitwa Mission Anti-Érosive kiliwasimamia watu wakichimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko, mtaro juu ya mtaro, kilima baada ya kilima.

Mitaro ile haikuwa ujinga. Mteremko wa Kivu unahitaji kushikwa, na mtaro uliochimbwa sawasawa unashika udongo. Lakini mwanamke aliyeshika jembe hakuambiwa kwamba anauokoa udongo wa wajukuu zake. Aliambiwa kwamba asipochimba, mumewe atatozwa faini au atafungwa. Uhuru ulipofika 1960, mitaro mingi iliachwa, mingine ikafukiwa kwa furaha, kwa kuwa watu hawakuona ndani yake udongo uliookolewa; waliona mjeledi. Hadi leo wapo wazee ambao ukiwatajia mitaro ya kinga watakutajia kwanza jina la polisi wa chifu.

Na miti? Ilipandwa mingi: mikaratusi, misonobari, miti ya kigeni inayokua haraka. Misheni ziliizungushia shule, zahanati na makaburi yao. Mkaratusi ulikuwa mzuri kwa mhimili wa nyumba na kwa kuni, lakini mzizi wake ni mlevi wa maji, na chini yake maharage hayastawi. Kivuli cha kanisa kikawa cha mti ambao babu za waumini hawakuwa na jina lake.

Msitu uliokatazwa wenyewe

Kaskazini, juu ya Bukavu, kisa kikubwa zaidi kilikuwa kinaanza. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni iliutenga Mlima Kahuzi kuwa hifadhi. Tarehe 30 Novemba 1970, Kongo ikiwa huru, hifadhi hiyo ikawa Mbuga ya Taifa ya Kahuzi-Biega, kilomita za mraba 600, kwa juhudi za Mbelgiji Adrien Deschryver, aliyewazoesha gorila kuwaona watu bila kukimbia. Mwaka 1975 mbuga ikapanuliwa hadi kilomita za mraba 6,000. Mwaka 1980 UNESCO ikaiweka katika orodha ya urithi wa dunia.

Katika ramani hizo zote palikosekana Watwa. Waliishi ndani ya msitu ule, wakaujua kwa dawa zake, asali yake, makaburi yake na mahali pake pa kuomba. Miaka ya 1970 walitolewa kwa maelfu, bila kuulizwa, bila fidia, bila ardhi nyingine. Wakawa vibarua katika mashamba ya majirani, kando ya msitu ambao kuingia kwao sasa kuliitwa ujangili.

Mtu anaweza kutetea mbuga kwa hoja nzito: bila mpaka, pengine gorila wa Kahuzi wasingekuwapo leo. Lakini tazama kilichofanyika kwa jicho la imani, hata bila siasa. Watu ambao kwao msitu ulikuwa hekalu waliondolewa hekaluni ili hekalu lihifadhiwe, na funguo zikapewa wageni. Askari wa wanyama akachukua jina la mlinzi, na mlinzi wa kale akaitwa mwizi.

Mafiga matatu

Oktoba 1993 Rais wa Burundi, Melchior Ndadaye, aliuawa Bujumbura, na Warundi kwa maelfu wakavuka Ruzizi. Mwaka uliofuata wakaja Wanyarwanda. Kambi zilipangwa kando ya barabara ya bonde: Kamanyola, Luvungi, Lubarika, Luberizi, Runingo na nyingine. Kufikia 1996 eneo la Uvira pekee lilikuwa na wakimbizi zaidi ya 200,000.

Chukua hema moja tu. Mbele yake kuna mafiga matatu na sufuria ya mahindi au maharage ya msaada. Maharage makavu hayaivi kwa majani ya migomba. Yanataka kuni za saa tatu. Mama anatuma mtoto, mtoto anakwenda mbali zaidi kila wiki. Baada ya mwezi vichaka vya karibu vimekwisha. Baada ya mwaka visiki vinachimbuliwa. Hakuna aliyetenda ubaya katika hema hilo, na mahema ni maelfu. Kaskazini, kambi za Kashusha na Inera zilikaa karibu kabisa na Kahuzi-Biega, na hesabu ya mafiga ikawa ile ile, ila safari hii kuni zilitoka katika urithi wa dunia.

Bukavu wakati huo ilikuwa na askofu mkuu Mjesuti, Christophe Munzihirwa. Serikali ya Rais Mobutu ilikuwa imeyeyuka, na mtu aliyebaki akiwaandikia wakuu wa dunia kuwaombea wakimbizi na wenyeji pamoja alikuwa yeye. Oktoba 1996 vita viliingia bondeni. Hospitali ya Lemera, juu ya Luberizi, ilishambuliwa tarehe 6, wagonjwa wakauawa vitandani. Kambi za bonde zikavunjwa, wakimbizi wakatawanyika milimani na msituni. Tarehe 29 Munzihirwa aliuawa barabarani Bukavu.

Mwaka 1997 UNESCO ikaiandika Kahuzi-Biega kuwa urithi ulio hatarini. Katika sehemu yake ya mlimani, gorila waliokuwa karibu 250 mwaka 1996 walibaki 130 hivi mwaka 2000. Tembo wa sehemu hiyo walimalizwa karibu wote. Kisha bei ya koltani ikapanda duniani, na wachimbaji wakaingia msituni na sululu zao, nyuma yao wenye bunduki wakikusanya kodi. Hao nao walijiita walinzi.

Deni linaletwa nyumbani

Baada ya vita vikubwa, ugomvi wa bondeni ulirudi kwenye mambo ya kale: ng'ombe, majani, maji. Itulo ilikuwa bado inatozwa, lakini sasa mfugaji aliombwa malipo na mwami, na kikundi chenye silaha, na mara nyingine na askari. Mkulima aliyekuta mahindi yake yamekanyagwa hakujua amwendee nani. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014, Mutarule, jirani na Luberizi, watu zaidi ya 30 waliuawa, wakiwamo waumini waliokuwa ibadani. Miongoni mwa waliozikwa walikuwamo wanawake na watoto. Katika chimbuko la ugomvi ule walikuwamo ng'ombe.

Mlima nao ukaanza kudai. Aprili 2020 Mto Mulongwe ulifurika ndani ya Uvira, ukabeba nyumba na watu. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi, siku ya soko la Nyamukubi huko Kalehe, mvua ilianguka juu ya vilima vilivyokwisha vuliwa miti. Maji yakashuka na mawe. Nyamukubi na Bushushu zikafunikwa, na maiti zaidi ya 400 zikaokotwa. Wengi hawakuonekana tena.

Ndipo katika makanisa na misikiti ya Kivu ya Kusini swali likaulizwa kwa sauti: ni adhabu ya Mungu? Jibu hilo ni jepesi kwa mhubiri, kwa sababu halimgusi mtu yeyote. Lakini Mungu hakukata miti ya Kalehe. Iligeuzwa makaa ya kupikia Bukavu, na mbao, na tanuru za matofali. Hapa viongozi wa dini wana la kutubu wenyewe. Kanisa la kijiji hujengwa kwa matofali ya kuchoma. Waumini hufyatua udongo, hupanga tanuru refu kama nyumba, huwasha magogo usiku na mchana, na Jumapili ya uzinduzi huimba kwa shangwe. Miti iliyoingia katika tanuru lile haihesabiwi katika michango.

Neno la pili

Toba hiyo imeanza, polepole, na kwa mikono zaidi ya maneno. Papa Fransisko alipotoa waraka Laudato Si' mwaka 2015, alisema kilio cha dunia na kilio cha maskini ni kimoja. Kwa msomaji wa Kalehe au Luberizi hilo halikuhitaji ufafanuzi. Mwaka 2017 huko Oslo dini mbalimbali ziliungana katika mpango wa kutetea misitu ya mvua, na Kongo ikawekwa miongoni mwa nchi tano za kuanzia. Januari 2023, Kinshasa, Papa huyo huyo aliwaambia wakubwa wa dunia waondoe mikono yao Afrika, kwamba si mgodi wa kuporwa. Watu wa mashariki waliopaswa kumpokea Goma ilibidi wampelekee majeraha yao Kinshasa, kwa kuwa kwao hapakuwa salama.

Yaliyo karibu zaidi na bonde hayakupigiwa kengele nyingi. RIO, asasi ya Kiprotestanti ya Bukavu iliyo chini ya Kanisa la Kristo Kongo, pamoja na asasi ya ADEPAE na wenzao, iliwakalisha wakulima, wafugaji na machifu kujadili njia za ng'ombe: zipite wapi, miezi gani, itulo iwe kiasi gani, na shamba likiliwa nani alipe. Kwa macho ya haraka hiyo ni mikutano ya amani tu. Kwa macho ya bonde ni utunzaji wa mazingira hasa, kwa sababu ardhi inayogombewa haipandwi mti. Nani apande mche unaochukua miaka kumi kwenye shamba ambalo hajui kama atalilima mwezi ujao?

Na juu yao, Itombwe ikafundisha somo. Mwaka 2006 waziri alitangaza hifadhi ya mazingira katika milima hiyo bila kuwauliza wakazi, na wakazi wakapinga. Kisa cha Kahuzi kilikuwa karibu kujirudia. Lakini safari hii watu walikaa chini, kijiji kwa kijiji, wakachora mipaka wakitaja mashamba, malisho, sehemu za kuwinda na sehemu takatifu. Mwaka 2016 mkoa ukaidhinisha mipaka hiyo mipya, na watu wakabaki ndani.

Kahuzi yenyewe ilikuwa imefika pabaya. Oktoba 2018 baadhi ya Watwa, wamechoka kusubiri, walirudi msituni kwa nguvu. Kukafuata mapigano na askari wa mbuga, vifo vya pande zote, na miti mingi ikageuka makaa, mara nyingine kwa faida ya watu wenye nguvu waliotumia uhitaji wa Watwa. Mwaka 2024 ukatangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu: Watwa walidhulumiwa, warudishiwe ardhi, walipwe fidia, waombwe radhi hadharani. Tume ilikubali kwamba kumtenga mlinzi wa jadi si lazima kwa kuhifadhi msitu.

Karatasi hiyo bado haijageuka ardhi. Februari 2025 Bukavu iliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na kwa mara nyingine watu wa bonde walibeba magodoro na watoto wakavuka Ruzizi kwenda Burundi, wengine wakizama humo humo mtoni. Katika hali hiyo, kumwambia mtu apande miti kunaweza kuonekana dhihaka.

Lakini umurinzi una tabia moja ambayo wakulima wanaijua vizuri kuliko wahubiri. Hauhitaji kitalu, wala viriba, wala mradi wenye bango barabarani. Unakata tawi la urefu wa mkono, unaliacha kidonda chake kikauke kidogo, unalichomeka ardhini mvua zinapoanza. Linashika mizizi. Likipangwa kwa safu linakuwa ua hai, ng'ombe wa jirani asipite, na mizizi yake inaurutubisha udongo wa maharage yaliyo ndani. Unaweza kuchomekwa na Mkristo, na Mwislamu, na mzee ambaye bado anamkumbuka Kiranga. Unaweza kuchomekwa na mfugaji na mkulima, mmoja upande huu wa safu, mwingine upande ule, wakishakubaliana safu yenyewe ipite wapi. Makubaliano hayo ndiyo sehemu ngumu. Tawi litashika lenyewe.